Siki, DNA au protini: kuchagua kipimo cha mapema cha saratani ya shingo ya kizazi Unguja na Pemba

Mwanamke wa Zanzibar anayeamua leo kupima shingo ya kizazi, awe anaishi Mwanakwerekwe au Micheweni, hukutana na majina ya vipimo kadhaa ambavyo kwa masikio ya wengi ni kitu kimoja: kipimo cha siki, kipimo cha Pap (seli za shingo ya kizazi husomwa kwa hadubini), kipimo cha virusi vya HPV na, siku hizi, vipimo vya protini, vinavyosifiwa kwamba huiona saratani kabla haijawa saratani. Ukweli ni kwamba kila kimoja kinatazama hatua yake ya ugonjwa, kinakosea kwa namna yake, na kinamtaka mwanamke safari ambazo idadi yake si sawa. Makala haya yanaviweka sambamba ili anayechagua, awe ni mwanamke mwenyewe, mumewe, muuguzi au mpangaji wa huduma, ajue anachagua nini. Rai yangu niitangulize: vipimo vya protini vina thamani kubwa, lakini mahali pake ni hatua ya pili, baada ya kipimo cha kwanza kuonesha jambo. Anayevifanya kuwa hatua ya kwanza, na hasa anayevitafuta katika damu, analipia jibu la swali ambalo hakuuliza.

Ugonjwa unavyokwenda, na kila kipimo kinaposimama

Karibu saratani zote za shingo ya kizazi huanza na maambukizi ya muda mrefu ya virusi vya HPV, na aina mbili, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizo duniani. Virusi vyenyewe ni vya kawaida mno. Watu wengi waliowahi kujamiiana hukutana navyo wakati fulani, na kwa wanawake walio wengi mwili huviondoa ndani ya miaka miwili, bila dawa na bila wenyewe kujua kwamba viliwahi kuwepo. Hatari inamkabili yule ambaye virusi vimekataa kumtoka. Kwake, mwendo kutoka maambukizi hadi saratani huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20, na miaka 5 hadi 10 ikiwa kinga ya mwili imedhoofika, kama inavyotokea kwa anayeishi na VVU asiyetibiwa. Muda huo mrefu ndio unaofanya upimaji uwe na maana, kwa sababu mabadiliko yaliyogunduliwa njiani hutibiwa kwa dakika chache, ilhali saratani iliyokwisha kuenea humpeleka mgonjwa wa Zanzibar hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kufuata mionzi. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 ugonjwa huu uliwapata wanawake wapatao 660,000 duniani na kuua takriban 350,000, na katika Tanzania ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake.

Ndani ya seli iliyovamiwa, virusi hutengeneza protini mbili zenye madhara, E6 na E7. Ya kwanza huivunja p53, ambayo ni protini inayoisimamisha seli iliyoharibika au kuiua. Ya pili huifunga protini iitwayo Rb, ambayo kazi yake ni kuizuia seli isigawanyike ovyo. Rb ikishafungwa, seli huendelea kugawanyika bila kizuizi, na protini nyingine, p16, ambayo katika seli nzima huwa kidogo sana, hurundikana kwa wingi. Iko pia Ki-67, ambayo huonekana tu katika seli iliyo katika harakati za kugawanyika.

Kwa hiyo maswali ni matatu. Kipimo cha DNA kinauliza kama virusi vipo. Kipimo cha protini kinauliza kama virusi hivyo vimeshaanza kuitawala seli. Kipimo cha siki na kile cha Pap vinatazama matokeo ya mwisho, yaani ngozi iliyobadilika rangi au seli iliyobadilika umbo. Mwanamke anaweza kuwa na jibu la ndiyo kwa swali la kwanza na la hapana kwa mawili yaliyobaki, na vipimo vyote vitakuwa vimesema kweli.

Kipimo cha siki, ambacho wengi wetu tunakijua

Kipimo hiki, ambacho wahudumu wa afya hukiita VIA, ni rahisi kukieleza. Muuguzi hupaka shingo ya kizazi asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, husubiri dakika moja, kisha hutazama kwa macho kama pametokea mabaka meupe yenye mpaka wazi. Weupe huo, kwa bahati, nao ni habari ya protini: asidi hufanya protini za ndani ya seli zigande kwa muda, na seli zilizobadilika, kwa kuwa zina viini vikubwa na protini nyingi zaidi, huonekana nyeupe kuliko jirani zake. Hakuna maabara, hakuna kusubiri wiki, na aliyeonekana na tatizo linaloweza kutibiwa kwa joto anaweza kutibiwa palepale kabla hajashuka kitandani. Kwa mwanamke aliyetoka Kojani au Kisiwa Panza, aliyepanda chombo ili kufika kituoni, sifa hii peke yake ina uzito kuliko sifa nyingi za maabara.

Udhaifu wake ni jicho. Wauguzi wawili waliofunzwa darasa moja wanaweza kutazama shingo ile ile wakatofautiana, na ujuzi hupungua pale ambapo mafunzo ya marudio hayafanyiki. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, sehemu inayopaswa kutazamwa hurudi ndani ya mfereji wa shingo ya kizazi, hivyo jibu la kwamba hakuna kitu huwa halina nguvu. Hapa visiwani kuna jambo jingine ambalo vitabu vilivyoandikwa Ulaya havilitaji sana, nalo ni kichocho. Mayai ya kichocho cha mkojo, ugonjwa unaojulikana sana katika shehia nyingi za Unguja na Pemba, yanaweza kukwama katika shingo ya kizazi na kuleta mabaka yanayofanana na chembe za mchanga, mishipa isiyo ya kawaida na ngozi inayotoka damu ikiguswa. Muuguzi asiyefundishwa kuyatofautisha anaweza kuyadhania kuwa mabadiliko ya saratani, au kinyume chake, akayaona mabadiliko ya kweli na kuyahesabu kuwa kichocho. Ningependa kila mafunzo ya VIA yanayotolewa Zanzibar yawe na picha za kichocho cha uzazi ndani yake.

Ushahidi juu ya kipimo cha siki una pande mbili, na zote mbili zinatoka India. Mjini Mumbai, katika utafiti uliohusisha wanawake zaidi ya 150,000, wahudumu waliofunzwa walirudia kipimo hiki kila baada ya miaka miwili, na vifo vya saratani ya shingo ya kizazi vikapungua kwa asilimia 31. Katika wilaya ya Osmanabad, ambako matokeo yalichapishwa mwaka 2009, wanawake walipimwa mara moja tu, na siki haikupunguza vifo kwa kiwango cha kutegemewa, wakati kipimo cha DNA ya HPV, nacho kikiwa kimefanywa mara moja tu, kilipunguza vifo na saratani zilizoenea kwa takriban nusu. Nionavyo, tafiti hizi hazipingani. Siki inafaa ikiwa mwanamke atarudi tena na tena. DNA inafaa hata kwa yule ambaye huenda asionekane tena.

Kipimo cha Pap, kilichotokana na kazi ya daktari Mgiriki George Papanicolaou, sitakikalia sana. Kiliziokoa nchi tajiri kwa sababu kilirudiwa kila baada ya miaka michache na kusomwa na wataalamu wengi wa seli. Kikifanywa mara moja, kinapitwa na wagonjwa wengi, na wataalamu wa kukisoma ni wachache mno kwetu.

DNA ya HPV kama hatua ya kwanza

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kipimo cha DNA ya HPV kiwe ndicho cha kwanza, kuanzia umri wa miaka 30, na kirudiwe kila baada ya miaka 5 hadi 10. Kwa anayeishi na VVU kianze akiwa na miaka 25 na kirudiwe kila baada ya miaka 3 hadi 5. Tafiti nne za Ulaya zilizounganishwa mwaka 2014 zilionesha kwamba upimaji unaoanza na HPV hutoa kinga kubwa zaidi dhidi ya saratani, kwa asilimia 60 hadi 70, kuliko ule unaoanza na usomaji wa seli.

Faida inayonivutia zaidi kwa Zanzibar ni kwamba mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa brashi laini, faraghani, bila kulazwa na bila kufunuliwa mbele ya mtu. Wanawake wetu wengi hawapimi kwa sababu wanaona haya, au kwa sababu siku waliyofika hapakuwa na mhudumu mwanamke. Brashi inawaondolea kizuizi hicho, na kwa vipimo vinavyozidisha DNA katika maabara, sampuli ya kujichukulia inakaribia sana ubora wa ile iliyochukuliwa na muuguzi. (Wapangaji wasisahau kalenda: Waislamu wengi wanaofuata madhehebu ya Shafii huhesabu kuingiza kitu ukeni mchana wa Ramadhani kuwa kunabatilisha saumu, na brashi haina hukumu tofauti na kifaa cha muuguzi.)

Mashine ya GeneXpert, ambayo hospitali nyingi za Tanzania huitumia kupima kifua kikuu, inaweza pia kupima HPV na kutoa jibu kwa muda wa saa moja hivi. Inatenganisha aina ya 16, aina za 18 na 45 kwa pamoja, na makundi mengine ya aina hatari, jambo linalosaidia kujua nani aanze kushughulikiwa. Kinachokwamisha ni vifaa vyake vya kutumia mara moja, ambavyo bei yake si ndogo na ambavyo visipofika kwa wakati mashine hukaa kama pambo.

Kasoro ya kimaumbile ya kipimo cha DNA ni kwamba kinagundua virusi, na wenye virusi ni wengi kuliko wagonjwa. Hapa ndipo protini zinapopata kazi.

p16 na Ki-67: kuchambua waliobaki

Mpishi hupepeta mchele kwa ungo kwanza, halafu hukaa akauchambua kwa mkono kuondoa vijiwe. Hakuna anayeanza kwa kuchambua gunia zima punje kwa punje. Kipimo cha DNA ni ungo. Kipimo cha p16 na Ki-67 ni mkono.

Kinafanyika hivi. Seli zilizochukuliwa kwenye shingo ya kizazi hutiwa kingamwili zilizopakwa rangi, moja ya kuishika p16 na nyingine ya kuishika Ki-67. Chini ya hadubini, p16 huonekana kahawia na Ki-67 huonekana nyekundu ndani ya kiini. Katika seli nzima protini hizi mbili hazikai pamoja, kwa kuwa p16 nyingi ni amri ya kuacha kugawanyika, na Ki-67 ni alama ya kugawanyika. Seli yenye zote mbili ni seli iliyoamriwa isimame na ikaendelea, na jambo hilo karibu kila mara ni kazi ya E7. Msomaji akiikuta hata seli moja ya namna hiyo, jibu ni chanya. Kwa kuwa anatafuta rangi mbili mahali pamoja, na hapimi uzuri au ubaya wa umbo la seli, makosa ya jicho hupungua kulinganisha na Pap.

Faida yake inaonekana vizuri kwa hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, wanawake 1,000 wamepimwa, na 10 kati yao wana mabadiliko makubwa. Kipimo cha kwanza kinachowapata wote 10, lakini kinachokosea kwa mmoja katika kila kumi walio wazima, kitawaita pia wanawake 99 wasio na ugonjwa. Tukiwatibu wote 109, kumi katika kila kumi na mmoja wametibiwa bila sababu. Kipimo cha pili kinachowaondoa robo tatu ya wale 99 kitawaacha 25 hivi, na foleni ya matibabu itakuwa na watu 35 badala ya 109. Kwa mwanamke wa miaka 32 anayetarajia kuzaa tena, jambo hili si dogo, kwa kuwa kukatwa sehemu ya shingo ya kizazi kwa waya wa umeme kunahusishwa na hatari kubwa zaidi ya kujifungua kabla ya wakati.

Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kipimo hiki mwaka 2020, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilikiongeza miongoni mwa njia za kuwachambua wanawake waliokutwa na HPV, kwa masharti kwamba maabara ina uwezo wa kukifanya kwa ubora.

Masharti hayo ndiyo yanayotuhusu sisi. Kwanza, sampuli ya kujichukulia ukeni haikitoshelezi, kwa sababu kinahitaji seli za shingo ya kizazi zenyewe. Mwanamke aliyejipima nyumbani na kukutwa na virusi lazima aje kituoni kuchukuliwa sampuli ya pili. Pili, kingamwili zake huhifadhiwa kwenye baridi, na jokofu linalokatikiwa umeme mara kwa mara huziharibu bila mtu kujua. Tatu, jibu halipatikani siku ile ile. Mwanamke wa Wete anayekuja mara ya kwanza kuleta brashi, mara ya pili kutolewa seli, mara ya tatu kupokea jibu na mara ya nne kutibiwa, ana nafasi nne za kupotea njiani. Kipimo bora kinachompoteza mgonjwa ni kibaya kuliko kipimo cha wastani kinachomtibu. Kwa hiyo sioni sababu ya kukipeleka kila wilaya. Ningekiweka mahali pamoja Unguja, penye mtaalamu wa patholojia, na kwa Pemba ningefikiria Chake Chake, karibu na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyoko Wawi, ambayo tangu mwaka 2000 imejenga mazoea ya kufanya kazi za utafiti kwa kiwango kinachotakiwa.

Kipimo cha E6, kinachoelekea kukifaa kisiwa

Kwa haraka haraka, kipimo cha E6 ndicho kingeonekana kuzaliwa kwa ajili ya Pemba. Ni kijiti kinachofanana na kile cha kupimia mimba au malaria: sampuli huandaliwa, humwagwa juu yake, na ndani ya saa chache mstari hujitokeza ikiwa protini ya E6 ipo. Hakihitaji hadubini wala mtaalamu wa seli. Na kwa kuwa E6 hutengenezwa kwa wingi pale virusi vinapokuwa vimeshaibadilisha seli, mwanamke aliyeonekana nayo ana uwezekano mkubwa wa kuwa na tatizo la kweli. Katika tafiti, wazima waliosingiziwa ugonjwa na kipimo hiki wamekuwa wachache sana.

Upande wa pili wa sarafu hiyo ndio unaonifanya nisikipendekeze kuwa kipimo cha kwanza. Kinawaacha wengi wenye mabadiliko makubwa, kwa sababu kimetengenezwa kutafuta E6 ya aina chache tu, ya 16 na 18, na katika toleo jingine ya 45. Wanawake wa Afrika huonekana na aina ya 35 zaidi kuliko wanawake wa sehemu nyingine za dunia, na kijiti hicho hakiioni kabisa. Jibu chanya la E6 ni la kuliamini na kulitendea kazi haraka. Jibu hasi halimruhusu mtu kurudi nyumbani akae miaka kumi. Kuna pia jambo la miaka ijayo: Tanzania ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 dhidi ya HPV mwaka 2018, na hao watafikia umri wa miaka 30 mwaka 2034. Chanjo inalenga hasa aina ya 16 na 18, hivyo kipimo kinachotafuta aina hizo tu kitakuwa na kidogo cha kukitafuta.

Kinapofaa ni hapa: kituo kimepima DNA, wanawake wengi wana virusi, hakuna maabara ya rangi mbili, na muuguzi anataka kujua nani apande boti wiki hii na nani anaweza kungoja miadi ya kawaida.

p16 katika kinyama kilichokatwa

Matumizi haya ya protini huzungumzwa kidogo, na kwa maoni yangu ndiyo yanayoweza kuanza mapema zaidi Zanzibar. Daktari anapokata kinyama cha shingo ya kizazi, mtaalamu wa patholojia wakati mwingine hushindwa kuamua kama anachokiona ni mabadiliko ya kati yanayoelekea saratani, au ni uvimbe wa maambukizi, au ni ngozi iliyokonda kwa umri. Rangi ya p16 humsaidia kuamua: ikienea kwa nguvu katika tabaka la chini lote, mabadiliko ni ya kweli, isipoenea hivyo, huenda ni mwigo tu. Mwaka 2012 wataalamu wa Marekani walipendekeza itumike hasa katika hali hizo za shaka. Mahali ambapo kichocho na maambukizi mengine huvuruga sura ya ngozi, msaada huo una thamani ya pekee.

Tena hausumbui usafiri. Kinyama kilichohifadhiwa kwenye formalini na kuwekwa ndani ya nta kinaweza kuvuka kutoka Mkoani hadi Unguja, au hadi Dar es Salaam, bila barafu na bila haraka. Kingamwili tu ndizo zinazohitaji jokofu, na hizo zinabaki maabara moja.

Damu: kipimo cha kutokinunua

Katika orodha za vipimo vya saratani zinazouzwa na maabara binafsi mijini hutokea protini za damu kama SCC na CA-125. Kwa saratani ya shingo ya kizazi, SCC ina kazi yake halali: daktari huifuatilia kwa mgonjwa aliyekwisha kugunduliwa, aone kama tiba inafanya kazi au kama ugonjwa unarudi. Katika mabadiliko ya awali, ambayo ndiyo tunayoyatafuta, kiwango chake mara nyingi huwa cha kawaida kabisa. Kwa upande mwingine hupanda kwa mtu mwenye ugonjwa wa ngozi wa soriasisi au figo zilizoshindwa kufanya kazi, ambaye hana saratani yoyote. CA-125 hupanda hata wakati wa hedhi. Watafiti wanaendelea kutafuta mkusanyiko wa protini katika damu, mkojo na ute wa uke utakaoweza kugundua ugonjwa mapema, na siku moja huenda wakafika, lakini anayetumia fedha zake leo kwa kipimo cha damu ili ajihakikishie usalama wa shingo ya kizazi hanunui uhakika.

Kuchagua kwa hali yako

Mwenye umri wa miaka 30 hadi 49 asiye na dalili aulize kwanza kama kituo chake au hospitali ya wilaya inapima DNA ya HPV. Ikiwa inapima, achague hicho, ajichukulie sampuli ikiwa ndiyo njia anayoipenda. Ikiwa hakipo, apime siki sasa, asisubiri DNA ifike, na arudi kwa miadi aliyopewa. Aliyevuka miaka 50 ana sababu kubwa zaidi ya kuifuata DNA, hata kama ni kwa kusafiri hadi Chake Chake au Mnazi Mmoja, kwa kuwa kwake siki haioni mbali. Aliye chini ya miaka 30 na hana VVU hana haja ya kipimo cha DNA. Akipimwa, kuna uwezekano mkubwa atakutwa na virusi ambavyo vingeondoka vyenyewe, na atakuwa amepewa wasiwasi wa bure.

Anayeishi na VVU asitibiwe kwa jibu la HPV peke yake. Shirika la Afya Duniani linataka kipimo cha pili kabla ya matibabu, na hapo p16 na Ki-67 ni miongoni mwa njia, ikiwa maabara ipo. Ikiwa haipo, kutazamwa kwa siki na mhudumu mzoefu au kwa kolposkopi, yaani kwa kifaa kinachokuza shingo ya kizazi ionekane vizuri, kunakubalika. Kwa wengine waliokutwa na virusi, kutibiwa moja kwa moja bila kipimo cha pili ni njia iliyoruhusiwa, na kwa anayeishi mbali ningeichagua bila kusita, madhali shingo ya kizazi imetazamwa na kuonekana inafaa kutibiwa kwa joto.

Anayetoka damu baada ya tendo la ndoa, au katikati ya miezi, au baada ya hedhi kukoma kabisa, hayumo katika ulinganisho huu hata kidogo. Huyo asipange foleni ya uchunguzi wa walio wazima, wala asitulizwe na kijiti, brashi au damu. Amwone daktari, atazamwe, na panapostahili akatwe kinyama.

Kwa aliyekutwa na virusi na kisha kipimo cha pili kikawa hasi, tarehe ya kurudia DNA ni baada ya miezi 24, au miezi 12 ikiwa anaishi na VVU. Aliyetibiwa hurudi baada ya miezi 12. Muuguzi aziandike tarehe hizo kwenye kadi na pia kwenye daftari la kituo, pamoja na nambari ya simu ambayo mwanamke mwenyewe amekubali ipigwe, kwa kuwa si kila simu ya nyumbani hupokelewa na yule anayehusika.